Mke wa Kogo Alivyofukuzwa kwa Neno

Mke wa Kogo alifukuzwa Jumapili asubuhi, kabla ya watu kwenda kanisani, na mimi ndiye niliyesoma lile somo. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili nisije nikajificha huko mbele. Mimi ni mtu wa kujificha. Shuleni, Eldoret mjini, niko kidato cha tatu, na kuna mwalimu wa Hisabati ambaye mpaka muhula wa pili alidhani mimi ni mgeni. Wasichana wa bwenini wananiita Ukuta. Nikiulizwa swali darasani masikio yanashika moto na jibu linabaki tumboni.

Mahali pekee nilipokuwa naongea ni kwenye ushirika wa Jumamosi, likizo zikifika, huku nyumbani upande wa Kesses. Akina mama wa kanisa letu huzunguka nyumba kwa nyumba. Saa nane mnakutana, saa kumi mnatawanyika ili watu wawahi kukamua. Mwenye nyumba anachagua somo, mwenye macho mazuri anasoma, halafu inakuja ile sehemu ambayo mama mchungaji alitoka nayo kwenye semina: kusimama mahali pa mtu. Hutoi mahubiri. Unachagua mtu mmoja kwenye somo, unasimama, unasema "mimi ni fulani," na unaongea kwa mdomo wake: uliona nini, uliogopa nini, ulikuwa unataka nini. Wengine wananyamaza mpaka uketi, na hata ukishaketi hakuna ruhusa ya kukujibu. Mama mchungaji alisema tukifanya hivyo tutaacha kusengenyana, kwa sababu ukishaongea kwa mdomo wa mtu, kumtukana kunakuwa kugumu.

Mimi nililipenda jambo hilo kupita kiasi. Kwa jina langu mwenyewe siwezi kuomba hata chumvi, lakini nikipewa mtu mwingine niwe yeye, maneno yanakuja yenyewe. Aprili tulisoma habari ya yule kijana aliyerudi kwa babake. Wote walitaka kuwa baba. Mimi nikasimama mahali pa mtumishi aliyeambiwa akachinje ndama. Nikasema yule ndama nilimnyonyesha kwa kidole tangu siku aliyozaliwa, mamake akiwa amekufa, na hakuna aliyeniuliza. Na wenzangu walipokuwa wanacheza ndani, mimi nilikuwa nje naosha damu kwenye mawe. Nilipoketi wakapiga makofi. Kogo, bibi yangu, ambaye hampigii mtu makofi, akawaambia majirani, "Mjukuu wangu akisimama, hata mimi nasikia."

Mama na dada yake, anti mkubwa, walisikia maneno hayo na wakayaweka mahali.

Sasa nieleze huyu mke wa Kogo, maana watu wa mjini wakisikia wanafikiria mengine. Kogo ni mama ya mamangu. Alizaa wasichana wanne, mvulana hakuzaa. Babu alipokufa, ndugu zake wakaanza kuja kutembea kwenye shamba, wakipima kwa hatua huku wakijifanya wanaangalia mahindi. Desturi yetu ya zamani ina njia. Mwanamke kama huyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na yeye mwenyewe anahesabiwa kuwa mume. Mambo ya chumbani hakuna. Msichana anazaa na mwanamume anayekubaliwa kimyakimya, watoto wanakuwa wa ile nyumba, na shamba ni lao. Kogo alitoa ng'ombe watano akaoa yatima wa miaka kumi na tisa kutoka kule Chepkoilel. Kaka ya msichana akapokea ng'ombe, akawauza, akahamia mahali ambapo simu yake haishiki.

Kwa desturi nilipaswa kumwita bibi pia. Mara ya kwanza nilipojaribu, alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Bibi gani? Mimi hata jino la mwisho halijaota. Niite Anti."

Nikamwita Anti.

Alizaa mtoto mmoja, msichana, ambaye sasa ana miaka mitano na alifundishwa kumwita Kogo Baba. "Baba, chai iko tayari." Na Kogo, na leso yake na soksi zake za sufu, anaitika. Sisi tulizoea. Baada ya huyo, mimba mbili zilitoka. Mvulana hakuja.

Halafu mwaka jana ndoa ya mama ilivunjika huko Kapsoya tukarudi kwa Kogo, mama, mimi, na mdogo wangu akiwa bado tumboni. Akazaliwa mvulana. Kogo alimshika, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, akasema, "Kumbe wewe ndiye ulikuwa njiani." Anti alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto ya kumwosha mama. Nilimwona akisikia. Aliweka beseni chini polepole, kama mtu aliyeambiwa ndani kuna mgonjwa.

Mwaka huo huo Kogo akaokoka. Wazee wa kanisa wakamwambia wanafurahi, ila hawawezi kumbatiza akiwa mume wa mtu.

Kwa hivyo kila mmoja alikuwa na lake. Kogo alitaka ubatizo kabla hajafa. Mama alitaka shamba la mvulana wake. Anti mkubwa, aliyeolewa huko huko Kapsoya, alitaka watu waache kucheka. Na mimi nilitaka nyumba. Anti alikuwa na nyumba yake ndogo ya mabati nyuma ya zizi, chumba kimoja, na meza chini ya dirisha. Mimi nililala kitanda kimoja na mama na mtoto, na kila asubuhi gauni langu lilikuwa limelowa mkojo usio wangu. Mama aliniambia siku moja akinifunga nywele, "Huyo akienda, utasomea kule." Tangu siku hiyo kila nilipopita pale nyuma nilikuwa nachungulia nione kitanda nitakiweka upande gani.

Ni Kogo peke yake aliyesita, na sidhani ilikuwa huruma. Anti ndiye aliyekamua ng'ombe sita asubuhi na jioni. Ndiye aliyemwosha Kogo vidonda vya miguu, ndiye aliyejua mursik yake, yale maziwa ya kugandisha, inataka mkaa kiasi gani ndani ya kibuyu. Wakimwambia amfukuze, Kogo anakunja ncha ya leso na kusema, "Tutaona."

Nilikuwa namsaidia Anti kukamua. Alinifundisha mwenyewe, na zizini nilikuwa naongea kidogo, kwa vile ng'ombe yuko katikati na hatuonani uso. Siku moja asubuhi ya baridi, wiki mbili kabla ya haya, akaniambia kutoka upande wa pili, "Unajua mimi nataka nini kwa hii dunia? Kulala mpaka saa tatu. Mara moja tu. Hata ikiwa ni siku ya matanga ya huyu mzee, nitawaambia, ngojeni, nipeni saa moja nilale kwanza, ndiyo nije nilie."

Tulicheka wote wawili mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yakamwagika, na tukacheka tena.

Ijumaa ya mwisho ya likizo anti mkubwa alishuka kwa pikapu ya mumewe akiwa na kreti mbili za soda. Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya ushirika. Nilikuwa jikoni namenya viazi, wao wawili wakiongea juu ya kichwa changu.

"Juzi kwa saluni," anti mkubwa akasema, "mwanamke mzima ananiuliza, ati baba yenu wa leso hajambo?"

"Baba wa leso!" Mama akacheka mpaka akashika kifua.

"Wewe cheka. Siku mama akilala, tutaandika nini kwa tangazo? Marehemu ameacha mjane?"

"Woi, nyamaza, atasikia."

"Asikie! Kazi aliyoletewa si alishindwa nayo? Aliletwa azae mvulana. Mvulana ameletwa na mwingine." Akampapasa mdogo wangu shavu. "Na somo nimeshachagua. Lile la mjakazi."

Mama akaacha kucheka. Wote tunalijua. Mwenye nyumba hazai, anamtoa mjakazi wake kwa mumewe apate mtoto kupitia kwake. Mjakazi akishika mimba anaanza kumdharau bibi yake. Halafu mwenye nyumba, uzeeni, anapata wake mwenyewe, na hapo anamwambia mumewe amfukuze huyu na mwanawe, wasije wakarithi pamoja.

"Hatujaongeza kitu hata kimoja," anti mkubwa akasema. "Imeandikwa."

Kisha wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika kiazi.

"Wewe utasimama mahali pa mwenye nyumba."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?" mama akauliza.

"Mama yetu anakusikia wewe," anti mkubwa akasema. "Sisi tukiongea ni kelele. Ama unapenda kulala kwa mkojo mpaka umalize shule?"

Nikasema sawa. Si kweli kwamba walinilazimisha. Walinisukuma kidogo na mimi nikaenda hatua nyingi. Jioni hiyo nilienda kumsaidia Anti kukamua kama kawaida, na akaniuliza mbona leo nimenyamaza, na nikamwambia ni mitihani.

Jumamosi walikuja akina mama kama kumi na tano. Kogo aliketi kwenye kiti chake chenye mto, miguu juu ya kigoda. Anti hakuwa akiketi kwenye ushirika. Siku ya zamu yetu ndiye wa chai. Nilisoma kwa sauti isiyotetemeka. Mwanamke mmoja akasimama mahali pa mume, akasema maneno mawili akaketi, wengine wakacheka kidogo. Ndipo nikasimama.

"Mimi ni mwenye nyumba," nikasema. "Tumbo langu lilikataa. Nilimleta msichana huyu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ng'ombe wangu. Nilimpa mahali pa kulala. Nilimpa jina la nyumba yangu, nikasema mtoto wake atakuwa wangu. Alipokuja alikuwa anatazama chini. Baadaye akaanza kunitazama usoni. Nyinyi mnajua mtu anavyotazama moto unaozimika, akingoja ulale ndiyo azoe jivu? Ndivyo alivyonitazama."

Kogo alikuwa ameinama mbele. Nilimwona, na utamu ulinipanda kichwani. Huo ndio ukweli. Nilisikia utamu.

"Asubuhi moja nilipita karibu na zizi," nikasema. "Alidhani nimelala. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba siku ya matanga yangu ndiyo siku atakayolala vizuri. Akacheka. Na mwenzake akacheka."

Anti alikuwa mlangoni na trei. Vikombe viligongana kidogo, vikatulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni zizi lipi. Akina mama waligeuza macho kumtazama, kisha wakayarudisha kwangu, kisha kwa Kogo. Anti alifungua mdomo. Ingetosha aseme, sikusema hivyo, nilisema hivi, na huyo mwenzake alikuwa ni huyu hapa. Lakini aliyesimama hajibiwi, ndiyo sheria yetu. Tuliiweka kwa ajili ya upendo. Akafunga mdomo.

Niliketi. Aliyeketi karibu nami alinishika goti akasema, "Mungu akuinue."

Mama mchungaji alikuwa ameanza kuhangaika, nadhani alihisi kitu. "Basi tuombe," akasema. Lakini anti mkubwa hakuwa ameshiba.

"Kila mtu aliye ndani anasimama, mama mchungaji, si ndiyo unatufundishaga? Huyu hajasimama hata siku moja." Akamgeukia Anti. "Weka trei. Mjakazi anakungoja."

Wengine walicheka ndani ya leso zao. Mtoto wake alikuwa ameshika sketi yake kwa nyuma, anatafuna kipande cha mandazi. Anti akaweka trei juu ya meza, akafuta mikono, akasimama wima. Nilijua atalia, na nilitaka alie haraka tumalize.

"Sitasimama mahali pa mjakazi," akasema. "Nasimama mahali pa mume."

"Ameshasimamiwa!" mtu akasema.

"Acha aseme," Kogo akasema.

Anti hakumtazama Kogo. Alitazama ukuta ambapo kuna kalenda.

"Mimi ni mume. Niliamka mapema. Siwezi kusema niliamka, sikuwa nimelala. Upande huu kulikuwa na mwanamke anayetaka neno langu, na upande huu mwanamke asiyejua kitu, anayelala na mtoto wake. Mimi nilikuwa mtu wa mali. Nilikuwa na ng'ombe na mbuzi na watumishi. Ningempa punda. Ningempa mtu wa kumsindikiza mpaka mahali penye watu. Nikampa mkate na maji. Nyinyi mkisoma mnafikiri nilikuwa mchoyo. Sikuwa mchoyo. Nilijua nikimpa vingi, nitakuwa nimekubali kwamba anaenda mbali. Mkate mmoja ni wa mtu anayerudi jioni. Nilitaka kujidanganya kwamba atarudi jioni."

Akavuta trei kidogo kutoka ukingoni mwa meza.

"Nilimwekea begani mimi mwenyewe, nikiwa nyuma yake, ili nisimwone uso. Simchukii. Sijawahi kumchukia. Nimezeeka, miguu inauma, na ninaogopa kufa nikiwa sijatengenezwa. Mtu akiogopa hivyo anaweza kumtoa yeyote. Ni hayo tu."

Akachukua trei lakini hakuondoka. Mama mchungaji alikuwa analia waziwazi. Hata mama, mamangu, alikuwa anatazama sakafu. Na mimi, nisidanganye, nilisikia wivu. Nilikuwa nimeongea vizuri, lakini yeye alikuwa ameingia ndani ya Kogo na kutoka na kitu ambacho mimi sikukiona, mimi niliye damu yake. Nikafikiri, basi, amepona. Baada ya maneno kama hayo hakuna mtu anayeweza kumfukuza. Nikaiaga ile meza ya dirishani.

Kogo alikunja ncha ya leso, akaikunjua.

"Ni kweli," akasema. "Ndivyo ilivyo. Huyu ameniona mpaka ndani. Watoto wangu wanne hawajawahi kuniona hivyo."

Akashusha mguu mmoja kutoka kwenye kigoda.

"Basi kama unanielewa hivyo, hutanilaumu. Ni kesho asubuhi."

Jioni ile Kogo alinituma dukani mwenyewe. "Mkate mmoja. Usichukue ule mrefu." Nilifikiri ni wa chai.

Jumapili kulipopambazuka alikuwa tayari amevaa nguo za kanisa. Anti alitoka na begi moja na mtoto aliyevalishwa sweta mbili. Alikuwa amekwisha kukamua. Sijui kwa nini alikamua. Maziwa yalikuwa mlangoni kwenye ndoo, yamefunikwa kitambaa, kama siku zote. Kogo akatoka na ule mkate, na chupa ya soda ya lita moja aliyojaza maji, amevifunga pamoja kwa kipande cha leso kuukuu. Akazunguka kwa nyuma, polepole na fimbo yake, akamwekea Anti begani.

Hata anti mkubwa alishtuka. "Mama, si umpe hata nauli?"

"Nauli haikuandikwa," Kogo akasema.

Kogo hajui kusoma. Maisha yake yote Neno amelisikia kwa sikio, na mama mchungaji amekuwa akimwambia kila Jumamosi kwamba si la kusikia tu, ni la kutenda. Sisi wenye kusoma tulijua tunacheza na mahali pa watu. Yeye alidhani tunaonyeshwa cha kufanya, hatua kwa hatua, mpaka chupa, mpaka bega. Na jana yake Anti alipoeleza vile yule mume alivyosimama kwa nyuma, Kogo alikuwa anasikiliza namna mtu anavyosikiliza maelekezo ya njia.

Mtoto alipofika langoni aligeuka. "Baba, wewe utakuja lini?"

Kogo alikuwa anatazama ng'ombe. "Fungeni lango," akasema, na aliyekuwa karibu na lango nilikuwa mimi.

Anti alinitazama wakati huo. Nilingoja aniambie kitu kibaya, nilikuwa nimejiandaa tangu usiku. Akasema tu, "Ile nyekundu ina kidonda kwa chuchu ya nyuma. Usiivute sana."

Mama mchungaji alikuja Jumatatu akipiga kelele kutoka barabarani. Ati ile ilikuwa ya kutufundisha huruma! Ati nani amemwambia Kogo amwekee mtu chupa begani! Kogo akamjibu, "Mimi nimetenda," na mama mchungaji akanywa chai akaenda. Mwezi uliofuata Kogo akabatizwa kwenye bwawa. Alitoka majini akitetemeka na uso unang'aa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na hiyo furaha ni ya kweli, siwezi kuisema vibaya.

Mimi nilipata nyumba, na nikapata ng'ombe sita. Shule ilifunguliwa, mama akasema ngoja kidogo tupate mtu wa kukamua, na kidogo ikawa wiki mbili kabla sijarudi bwenini. Kogo alisema mikono yangu ni ya baridi, vidonda vyake vinaumia. Mursik yangu aliimwaga.

Nilikutana na Anti likizo fupi ya katikati ya muhula. Nilikuwa nimetumwa Kesses, kwenye zile nyumba za kupanga za wanafunzi wa chuo. Alikuwa uani, anafua jinzi za watu kwenye karai, mikono imevimba hadi kwenye kiwiko. Mtoto alikuwa anapanga vibanio vya nguo kwenye mstari juu ya sementi. Hakunisalimia.

"Mzee anakula?" Anti akauliza bila kusimama.

"Anakula."

"Na ile nyekundu?"

"Ilipona." Halafu nikasema kile nilichokuwa nimekikariri kila siku kwa miezi miwili: "Anti, nimekuwa nikifikiri. Nimejiweka mahali pako. Nimeelewa vile ulisikia."

Akakamua suruali, maji ya buluu yakamtoka katikati ya vidole.

"Wacha kujiweka mahali pangu. Maneno umeshaniwekea mdomoni mara moja, inatosha. Kuna kitu kimoja nataka." Sasa akasimama. "Mamako na dadake wamemwambia chifu nilitoroka na dereva wa lori. Kwa hivyo sina haki ya kurudi, na huyu hana kitu kwa lile shamba. Mimi niliolewa kwa ng'ombe, wazee wanajua, lakini wazee wanasema hawakuwa langoni. Chifu anasikiliza kesi Jumanne. Amesema nilete mtu wa ile boma aliyeona, ama karatasi yake. Wewe ulikuwa langoni."

"Niandike nini?"

"Kwamba nilifukuzwa. Siku gani, nani alikuwa hapo. Na vile nilisema zizini, vile nilivyosema, si vile ulivyosema wewe. Halafu jina lako. Ni ukurasa mmoja, wewe unajua kuandika."

"Nitaandika," nikasema.

Akanitazama muda, kama ananipima kilo. "Haya," akasema, na akainama tena kwenye karai.

Jumanne nilikamua, nikampa Kogo uji, nikaketi na karatasi. Niliandika kwamba yeye hakutoroka. Halafu nikaona si haki kumfanya mama aonekane mwongo bila kueleza vile alivyorudi kutoka Kapsoya na begi moja na tumbo kubwa, nikaanza kueleza. Halafu ikabidi nieleze anti mkubwa na watu wa saluni. Halafu Kogo na hofu yake, ili chifu asidhani Kogo ni katili. Halafu mdogo wangu, ambaye hajafanya kitu. Kila mtu niliyemwandika nilimwona vizuri, nilijua aliogopa nini na alikuwa anataka nini, na kila mara nilipofika mahali pa kuweka jina langu nilikumbuka mtu mwingine ambaye bado hajaelezwa. Karatasi ya chifu niliiacha, nikahamia kwenye daftari hili. Nilipoinua kichwa ng'ombe walikuwa wanalia wakitaka kukamuliwa.

Jana mama alirudi kutoka sokoni na habari kwamba kesi imekwisha, mwanamke alikuja peke yake akangoja mpaka ofisi ikafungwa. Alinisimulia akicheka, ati alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto amelala juu yake, kila mtu akipita njiani anainua kichwa. Anti aliniomba ukurasa mmoja. Nimejaza kumi na moja, na hakuna hata mmoja ambao chifu angeweza kuupiga muhuri.